Kutembezwa kwenye mikoko ya Gazi: nendeni maji yakipwa

Nafundisha bayolojia sekondari, upande wa Likoni, na kila kidato cha tatu kinapofika kwenye ikolojia natafuta mahali pa kuwapeleka watoto waone kwa macho. Safari hii tulikwenda Gazi, Kaunti ya Kwale, kwenye daraja la mbao la kinamama wa kijiji linalopita katikati ya mikoko. Walimu wenzangu wameniuliza kama panafaa. Panafaa sana, ila muwe na mwongozaji na mwende saa inayofaa.

Njia ni rahisi: matatu ya kwenda Msambweni au Lunga Lunga, mnashuka njia panda ya Gazi, mnaingia kijijini. La maana ni maji. Yakijaa mtapata picha nzuri tu. Yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tope lote huwa wazi, na kila kitu cha kufundishia kiko pale topeni.

Mama aliyetuongoza hakuanza na hotuba. Alichuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, akampa kijana aliyekuwa karibu naye. "Lamba, mwanangu." Kijana akanitazama mimi kwanza, kisha akalamba, akakunja uso. Chumvi! Mchu huitoa chumvi kupitia majani, na jua likiwa kali unaiona imeganda juu yake, nyeupe. Akawapa jani la mkoko wenyewe, aina yenye jina hilo hasa: halina ladha hiyo, kwa sababu mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi huko huko mizizini. Somo hili nimeliandika ubaoni miaka mingi, na sijawahi kuliona likishikwa upesi namna ile.

Kisha mizizi. Ya mchu imechomoza topeni kama penseli, ya mlilana ni minene zaidi, na ya muia hupanda juu, ikajikunja, ikarudi chini. Tope lile halina hewa, kwa hiyo mti lazima upumulie nje. Mama alikuwa akiwauliza watoto kwanza, halafu anasubiri. Hakumkatiza hata mmoja.

Palipotugusa zaidi ni kwa kaa. Tulichuchumaa ukingoni mwa daraja, kimya, mpaka mmoja mwenye magando mekundu akatoka shimoni. Akalikamata jani la manjano lililodondoka, akaliburuta kinyumenyume, likakwama mlangoni. Akalizungusha, akaingia nalo. Hapo ndipo mama alipoeleza: jani lile halichukuliwi tena na maji, linabaki chini, na kwa kuwa hakuna hewa huoza polepole mno. Kaboni nyingi ya msitu huu imehifadhiwa ndani ya tope, kuliko kwenye miti tunayoiona.

Hapo watoto wakaelewa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unauza hati za kaboni, yaani wanunuzi hulipa ili msitu ulindwe uendelee kuihifadhi, kama tani 3,000 za kabonidioksidi kwa mwaka, kutoka hekta 117 za mikoko ya ghuba hii. Pesa zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule za kijiji. Msitu wenyewe uliwahi kufyekwa vibaya: miaka ya 1970 ulikatwa ukawa kuni za viwandani, na upandaji wa majaribio ulianza 1991, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakishirikiana na wanakijiji. Mama anaujua mti kwa mkono. Anaushika shina tu, anakwambia huu ni fito, huu pau, huu umefika boriti, yaani miti ya kujengea kuanzia mwembamba hadi mnene, na kwa nini unaachwa usimame.

Nasisitiza habari ya mwongozaji kwa sababu nimeona kinyume chake. Mahali pengine kwenye pwani hii, sitapataja, wenye boti walitia nanga juu ya matumbawe mbele ya darasa langu, wakawarushia samaki mkate ili watoto wapige picha. Swali la mwanafunzi kuhusu matumbawe yale halikujibiwa. Niliumia, maana nilikuwa nimewaambia watoto kwamba tunakwenda kujifunza kuyatunza.

Chakula agizeni mapema, kinamama wanawapikia. Sisi tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na hakuna aliyebakisha. Vaeni viatu vilivyoshika mguu, mbao zikiwa na umande huteleza. Kofia pia, na maji ya kunywa. Darasa kubwa ligawanyeni makundi, vinginevyo wa nyuma hawamsikii mwongozaji na kaa wote hukimbilia mashimoni.

Muda wetu ndio ulikuwa mfupi. Mwakani nitaomba siku nzima, ili baada ya mikoko twende na wavuvi kwenye majani ya bahari yaliyo mbele ya ghuba, kwa sababu watoto waliuliza samaki aina ya tafi wanakula wapi, na jibu liko pale.