Trekta ya kisasa kuishiwa nguvu: uzoefu wangu na fundi wa umeme wa mashine hapa Nairobi

Naandika hii kabla mvua haijaanza juu wenye trekta za kisasa tunaumizwa sana na kitu kimoja, taa ya injini ikiwaka tu unaambiwa nunua sensa (vile vifaa vidogo vinavyopimia kompyuta ya injini presha na vitu kama hivyo). Yangu ni ya farasi tisini na kitu, dizeli ya komoni reli (pampu inajaza dizeli ya presha kali kwa paipu moja, reli, inayolisha injekta zote), ilikuja ikiwa imetumika Uingereza, inalala Ruai na kazi zake nyingi ni kulima na kupiga haro huko Kamulu hadi Joska. Kampuni sitaji, haina maana, hii shida inaweza kupata yoyote.

Shida ilikuwa hivi. Asubuhi injini ikiwa baridi inavuta vizuri kabisa, lakini ikishapata moto na ardhi iwe na mabonge, taa ya njano inawaka, nguvu inaisha, raundi hazipiti 1,500 hata dereva akanyage mpaka chini, haro inabaki inaburutwa tu. Ukizima ukapumzika kidogo ukawasha, imerudi kama hakuna kitu. Dereva akasema ni dizeli chafu, tukabadilisha filta, wapi.

Gereji ya kwanza waliingiza skana, ile mashine ya kusoma makosa kwa kompyuta ya injini, wakasoma, wakaniandikia karatasi: sensa ya presha ya reli, sensa ya presha ya turbo, sensa ya presha ya oili, alafu chini kabisa wakaongeza "pampu, tutaangalia tukifungua". Hio pesa ilikuwa inaelekea laki moja na nusu na bado hatujaongea ya kazi. Na katika hio shughuli yote sikuona mtu ameshika mita ya kupima umeme. Nikawaambia nitawapigia.

Huyu fundi ninayemsifu leo nilipewa namba yake na jamaa wa ekskaveta wa Mombasa Road. Hana gereji, anakuja na pikipiki, begi moja la laptop na lingine la vyombo. Kitu kilinifanya nimwamini ni swali lake kwenye simu, hakuuliza trekta ni ya mwaka gani wala nina bajeti ngapi, aliuliza "Mzee, hizo namba za kosa zinaishia na ngapi?" Nikamsomea kutoka kwa picha niliyopiga ya karatasi ya skana ya gereji: SPN 157 FMI 4, SPN 102 FMI 4, SPN 100 FMI 4, na SPN 3509 FMI 4. Akanyamaza kidogo alafu akasema usinunue kitu chochote hadi nifike.

Wacha nieleze venye alinieleza juu hapa ndio pesa zinapotelea. Hizo namba za SPN zinakuambia ni sehemu gani inalalamika, 157 ni presha ya reli, 102 ni presha ya hewa ya turbo inayoingia kwa injini, 100 ni presha ya oili. FMI ndio inasema inalalamika nini: 3 ni volti imezidi, 4 ni volti imeshuka sana, 5 waya umekatika. Sasa sensa tatu tofauti, moja iko kwa oili, moja kwa hewa, moja kwa dizeli, zife zote saa moja kwa kosa lile lile la 4? Na hio ya mwisho ambayo gereji hawakuitaja hata, 3509, si sensa kabisa, ni ule umeme wa volti 5 ambao kompyuta ya injini inatoa kulisha sensa kadhaa kwa pamoja. Ni kama ploti yenye tangi moja ya maji, bomba likipasuka huko juu, nyumba zote zinakauka na hakuna mfereji wa mtu umeharibika. Gereji walikuwa na hio karatasi mkononi, namba ya mwisho wakairuka!

Alikuja amechelewa, na nitarudi kwa hio. Skana yake ina soketi ya mviringo ya pini 9, ile ya mashine kubwa. Zile vidude vya bluetooth vya maduka ya Luthuli Avenue za kusoma gari ndogo hata haziingii kwa hii soketi, na app zake nyingi haziongei hii lugha ya SPN, kwa hivyo usidanganyike na bei. Akasoma, akahifadhi kila kitu kwa laptop kabla ya kufuta, alafu skana akaiweka kando na kazi yote iliyobaki akaifanya na mita.

Akachomoa soketi ya sensa ya presha ya reli, ina waya tatu: moja inaleta volti 5, moja athi (ile ya umeme kurudi, hata chuma cha injini ni athi), moja inarudisha habari kwa kompyuta. Swichi ikiwa on injini haijawaka, akapima. 4.98. Iko sawa, kwanza nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Akaacha mita imeshikwa hapo, akaanza kutingisha mkanda wa waya na mkono, pole pole, kutoka kwa sensa kurudi nyuma. Alipofika nyuma ya filta ya dizeli mita ikaanguka 0.3, akaachilia ikarudi 4.98, akasukuma tena 0.3. Akaniita nione. Kisha akachomoa zile sensa zingine mbili, akasukuma tena hapo hapo, bado ikaanguka, kumaanisha hakuna sensa inavuta hio volti chini, ni waya yenyewe inagusa athi.

Alipofungua ile paipu nyeusi ya plastiki tukaona. Kuna klipu ilikuwa imevunjika zamani, mkanda ukawa umelalia kona ya braketi, na kutetemeka kwa injini kumesaga mpira wa waya moja hadi shaba inang'aa, upana wa punje ya mchele tu. Injini ikipata moto na haro ikishika ardhi, mkanda unasukumwa, shaba inagusa chuma, volti 5 inaenda athi, kompyuta inapoteza presha ya reli inajilinda kwa kukata nguvu.

Tandiboi wangu ana mikono myepesi, alikuwa ameshaanza kushika spana aelekee kwa paipu za injekta wakati injini inazunguka, fundi akamkemea "Kijana, hapo toa mkono! Hio dizeli inapita ngozi usisikie kitu, baadaye ndio unakatwa kidole." Na ni kweli, kwa komoni reli presha inapita bar 1,000 kazi ikiwa nzito, hapo si pahali pa kulegeza nati kutoa hewa kama tulizozoea za zamani.

Kurekebisha hakufunga na tepu. Alikata kipande kibovu, akaunga na viungio vya kubana, akavalisha mpira ule unajikunja kwa moto wenye gundi ndani, paipu mpya, klipu mpya mbali na braketi. Hakuchoma waya na risasi ya kuyeyusha, anasema pahali pa kutetemeka risasi inafanya waya kuwa ngumu inakatikia pembeni. Alafu tukaipeleka shambani na haro, laptop ikiwa kwa kebini, akawa anaangalia presha kompyuta inayoitisha na ile iko kwa reli, zinapanda pamoja na kushuka pamoja. Kwa hivyo pampu pia ilikuwa nzima.

Nililipa elfu tano ya kuja na kupima, elfu nane ya kazi na vifaa. Taa haijawaka tena na imeshapiga kazi ngumu.

Malalamiko sasa. Muda hana, akisema saa tatu hesabu saa sita. Nauli ya pikipiki anataka kabla hajatoka mjini. Risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti wa KRA (watu wa kodi), hana, na kama trekta iko chini ya kampuni hio gharama KRA hawataikubali, jipange. Pia injekta mpya ikihitaji namba yake kuingizwa kwa kompyuta yeye hawezi, hio inataka programu ya kampuni na ni ya dila, yule muuzaji rasmi wa kampuni. Huko Marekani jimbo la Colorado walipitisha sheria 2023 watengenezaji wawape wakulima hivyo vifaa, huku kwetu unabembeleza foleni ya dila.

Ukipata fundi wa aina hii, piga picha za zile namba zote kabla mtu hajafuta, juu akikuta zimefutwa itabidi aendeshe trekta shambani hadi taa iwake tena, na hayo masaa analipisha.