Niliacha gari na asilimia 68, nikalikuta na 11

Wanaoniuliza kama gari la umeme linatengenezeka hapa Dar, jibu langu ni ndiyo. Langu limetoka gereji wiki iliyopita baada ya kulala huko siku tisa, na linatembea vizuri. Ila yapo ya kusimulia katikati hapo, na mengi wala hayahusu umeme.

Gari lenyewe ni Nissan Leaf ya 2013, ile yenye betri ya kilowati-saa 24, niliyoagiza mtumba kutoka Japani. Kwenye dashibodi kuna vipande kumi na viwili vinavyoonyesha uhai wa betri. Liliposhuka bandarini lilikuwa na kumi, sasa limebaki na tisa. Hilo nililitarajia, betri yake haina mfumo wa maji wa kuipoza, na jua letu tunalijua. Nachaji usiku nyumbani Tegeta. LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi inanipa uniti 28, yaani kilowati-saa 28, na uniti moja inanisogeza kilomita kama sita. Kwa safari zangu za Tegeta na Mwenge sina malalamiko.

Sasa Jumatatu moja ya Februari nabonyeza kitufe cha kuwasha, dashibodi ikajaa taa kama duka la Kariakoo wiki ya sikukuu. Njano, nyekundu, breki, stelingi, zote kwa pamoja, kisha kiza. Chini ya boneti kitu kinagonga tak-tak-tak. Ile taa ya kijani ya kigari chenye mshale, inayokwambia sasa unaweza kuondoka, haikutokea.

Nikamwita fundi wetu wa mtaani, mtu mzoefu, Noah na IST za mtaa mzima zimepita mikononi mwake. Akasimama hatua tatu nyuma ya gari, mikono mfukoni.

"Mama Nasra, hiyo betri kubwa imekufa. Andaa milioni nane."

Nikamuuliza amejuaje bila hata kufungua boneti. Akasema umeme wa magari haya unaua, yeye ana watoto. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Ule mfumo una volti zaidi ya 300, na nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa makusudi ili mtu asizikamate ovyo. Sikumlaumu kwa kuogopa. Nilimlaumu kwa ile milioni nane.

Brekidauni nayo ilikuja na mambo yake. Kijana alitaka kulifunga gari nyuma na kulivuta kwa elfu themanini, magurudumu ya mbele yakiburuzika barabarani. Leaf inasukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiyazungusha mota nayo inazunguka, inaanza kuzalisha umeme ambao hakuna aliyeuomba. Nikamwambia nataka lori la kupakia gari zima mgongoni. Laki na nusu. Nikalipa huku roho ikiniuma. Na wewe mwenye gari kama langu usikubali kamba, hata kama ni jirani yako anakuvuta bure.

Kituo chenyewe kiko upande wa Barabara ya Nyerere, jina nalihifadhi. Bango lina radi ya kijani, mapokezi pana kiyoyozi na maji ya kunywa, na dada wa mapokezi ana heshima zake. Akatoa karatasi ya kupokelea gari. Namba, rangi, kilomita, mikwaruzo. Tukafika kwenye mafuta, pamechorwa geji ya robo, nusu na fuli.

"Mama, mafuta yako kiasi gani?"

"Hili la umeme, mwanangu."

Akafikiri kidogo, akazungushia nusu.

Nje walichomeka betri ya kuazima, dashibodi ikawaka, chaji ya betri kubwa: asilimia 68. Nikapiga picha, kilomita zikionekana. Ni mazoea ya zamani tu. Nikiwa na Vitz niliwahi kuacha tanki karibu limejaa gereji moja nikarudi taa ya mafuta inawaka, tangu siku hiyo sikabidhi gari bila picha.

Jioni ikaja proforma, yaani makadirio ya bei, kwenye simu, laki tatu na tisini. Ndani yake: oili ya injini lita nne, filta ya oili, plagi nne. Nikapiga.

"Dada yangu, gari hili halina injini."

"Mama, hiyo ni sevisi kamili, kila gari linafanyiwa."

Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemweleza bibi yake mambo ya benki. Ilibidi simu ihamie kwa msimamizi ndipo oili, filta na plagi zikafutwa. Sidhani alitaka kuniibia. Wana fomu moja tu, ya magari ya mafuta, na hakuna aliyekaa kuibadilisha. Lakini mteja asiyejua angelipia oili ya gari ambalo halina pa kuimimina.

Kesho yake, Jumanne, ujumbe: tatizo limepatikana, betri ndogo. Siyo ile ya milioni nane. Hii ni betri ya kawaida ya volti 12, NS60, ile ile anayoiuza kila duka la betri mjini. Gari la umeme nalo linayo. Betri kubwa hukaa imefungiwa, imetengwa na gari zima kwa swichi nzito, na kinachofunga swichi hizo ili umeme upite ni hiyo betri ndogo. Ikichoka, swichi hazishiki, ndiyo ule mgongano wa tak-tak-tak niliousikia, na kompyuta zikikosa volti za kutosha kila moja inaanza kulalamika kwa taa yake. Unakuwa na umeme wa kufika Bunju na kurudi, na gari halitoki getini. Yangu ilikuwa imekuja nalo kutoka Japani, haijawahi kubadilishwa.

Betri mpya 165,000, ikafungwa siku hiyo hiyo. Nikauliza, nije kuchukua? Hapana. Kompyuta imehifadhi makosa mengi, na sera yao gari haliondoki mpaka fundi wa umeme mkubwa aikague betri kubwa na kuweka sahihi. Fundi huyo ni mmoja. Yuko Dodoma.

Basi ikawa kesho, na kesho ikazaa kesho. Alhamisi kesho. Ijumaa "Jumatatu mapema, mama." Mimi bajaji na daladala. Katika siku hizo zote hakuna aliyenipigia hata mara moja kwa hiari yake, simu zote nilipiga mimi. Kama ningewapa nyota za huduma, hapo ndipo zilipodondokea.

Jumatano fundi alirudi, na nisimnyime haki yake, huyu ni fundi. Kijana mwembamba, glovu nene za mpira zinaning'inia kiunoni. Hakunipa karatasi nisaini nikaondoka. Alinikalisha kiti cha mbele, akachomeka kifaa kidogo chini ya stelingi, akanipa tableti mkononi.

Zilitokea nguzo 96, nyembamba, zimesimama bega kwa bega kama wanafunzi mstarini. Akaniambia betri ina seli 192, zimefungwa mbili mbili, kila nguzo ni jozi moja. Ugonjwa wa betri hizi, alisema, mara nyingi si wa betri yote. Ni jozi moja au mbili zinazochoka kabla ya wenzao, na hizo zikiishiwa gari zima linasimama hata kama nyingine bado zina nguvu. Akagusa nguzo ndefu kuliko zote, akagusa fupi kuliko zote. Tofauti milivolti 24.

"Hii ni familia yenye amani," akasema. Afya ya betri asilimia 70, umri tu. Hakuna cha kubadilisha. Akanionyesha na vitu ambavyo nilikuwa nasikia tu: nisiliache likiwa limejaa asilimia mia siku nzima juani, na betri ndogo nikaipime kila baada ya miezi sita, hata kwa fundi yeyote wa mtaani, hiyo haiui mtu.

Halafu akaongeza, kwa nia njema kabisa: "Tena bahati nzuri chaji iko chini. Ikiwa chini ndipo seli mbovu hujianika."

"Iko chini?"

Nikatazama dashibodi. Asilimia 11.

Nikatoa simu, nikafungua picha. Asilimia 68. Kilomita za kwenye picha na za kwenye dashibodi, tofauti tatu, na hizo tatu alikuwa ametoka kuzijaribia yeye mwenyewe. Asilimia 57 zimekwenda wapi gari likiwa limesimama?

Hapo ndipo nikaanza kuliona gari langu. Kiti cha dereva kimelazwa karibu kigusane na cha nyuma. Kiyoyozi kimewekwa baridi ya mwisho. Mlangoni maganda ya karanga. Na kwenye orodha ya simu zilizounganishwa na redio, chini ya yangu na ya Nasra, imo simu mpya: Mzee wa Kazi.

Vijana wa gereji walikuwa wanalala humo saa ya chakula. Gari la mafuta likiwashwa kwa kiyoyozi linanguruma, msimamizi anasikia, geti zima linasikia. Hili langu linakaa kimya kama kabati. Kijana mmoja wa ovaroli aliyekuwa pembeni alishindwa kujizuia.

"Mama, samahani sana. Lakini hilo gari unalala mpaka unaota."

Nilipiga hesabu pale pale. Betri yangu kwa afya yake ya sasa inanipa kama uniti 15 za kutumia. Asilimia 57 ni uniti nane na nusu. Tangu betri ndogo ilipofungwa zimepita siku saba za kazi, kiyoyozi juani kinakula uniti moja na kidogo kwa saa. Saa moja kila mchana, bila kukosa hata Jumamosi. Kwa bei ya LUKU ni kama shilingi elfu tatu. Elfu tatu! Hata kugombana nayo aibu. Na lile banda lao ni la bati, Februari, mchana. Ningekuwa na ovaroli ningelala pia.

Shida haikuwa elfu tatu. Asilimia 11 kwa gari hili ni kilomita kumi. Kutoka pale mpaka Tegeta, Tazara, Buguruni, Ubungo, Mwenge, na foleni ya jioni juu yake, ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Nimekuja kuchukua gari zima na siwezi kuondoka nalo.

Nililipa kwanza 255,000, betri, upimaji na ufundi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilipewa baada ya kuiomba. Msimamizi akaomba radhi, akasema chomeka hapo bandani, ofisi inafungwa saa kumi na moja lakini mlinzi yupo. Nikachomeka. Nusu saa haijapita, mita ya banda ikaanza kulia pii, pii, pii. Mlinzi akaja taratibu na tochi, akaimulika, akanitazama.

"Mama, hapa uniti zinaisha. Na mwenye kununua keshaondoka."

Nikamwomba namba ya mita. Nikanunua ya elfu tano kwa simu, zikaja uniti 14, akaziingiza yeye huku namsomea tarakimu. Tukakaa kwenye benchi lake saa mbili, akanisimulia habari za mwanawe aliye Kahama, mpaka gari likafika mahali ambapo ningethubutu kuingia barabarani. Nilikuwa nimetumia kama uniti tano. Tisa niliwaachia.

Siku breki zikihitaji matengenezo nitarudi kwao, kwa ajili ya yule fundi. Nitalipeleka likiwa na asilimia 40, na ile simu ya Mzee wa Kazi nimeshaifuta.