His Girl Friday (1940): Hildy ana kalamu, ila begi nani abebe?

Haya wapendwa, karibuni tena. Leo nimefukua kitu cha 1940: His Girl Friday, komedi ya mapenzi ya Howard Hawks. Dakika 92, nyeusi na nyeupe. Usikimbie kwanza!

Tuanze na jina. Friday, yaani Ijumaa, ni yule mtumishi wa kisiwani kwenye riwaya ya Robinson Crusoe, aliyeitwa kwa siku aliyopatikana. Kwetu angekuwa Juma tu, yakaisha. Kwa hiyo bango lenyewe linakuambia mwanamke huyu ni mtumwa wa kazi wa bosi fulani. Halafu filamu inaanza, na huyo mtumwa humwoni.

Hildy Johnson, yaani Rosalind Russell, ni ripota. Mhariri wake Walter, ambaye ni Cary Grant, ndiye pia mume waliyeachana. Kaja kumuaga: kesho anaolewa na Bruce, mtu wa bima, mpole kama maji ya mtungi. Sasa sikiliza. Kwenye tamthilia ya 1928 iliyozaa filamu hii, Hildy alikuwa mwanaume. Hawks akamgeuza mwanamke, kazi akamwachia ileile. Ndiyo maana hakuna anayepoteza muda kutueleza eti ataiweza vipi. Anamfukuza mkuu wa gereza barabarani, anamrukia, chini! Kisa anataka habari.

Ila kuna pahali nilirudisha nyuma mara tatu. Mollie anaingia chumba cha waandishi. Wanaume wanacheza karata, wanamkejeli kwa sababu alimhurumia Earl Williams, mtu anayesubiri kitanzi. Hildy anamshika, anamtoa nje taratibu. Anaporudi, chumba kizima kimya. Anawatazama, anasema tu: "Mabwana waandishi wa habari." Basi. Hotuba nzima hiyo.

Sasa upande unaonikera. Earl amemuua askari, na askari huyo alikuwa mweusi. Meya na sherifu wanataka anyongwe haraka kabla ya uchaguzi, maana kura za weusi zina uzito mjini. Filamu inawacheka wanasiasa hao, na inawacheka vizuri. Lakini askari mwenyewe humwoni, hata waliomlilia huwaoni. Mtu mweusi hapa ni hesabu ya kura tu. Na mwaka huohuo, Februari 1940, mwigizaji mweusi Hattie McDaniel alichukua Oscar kwa kuigiza yaya, akakalishwa meza ya pembeni, mbali na wenzake wa filamu. Hollywood ilijua kumwandikia mwanamke mweupe kazi ya mwanaume. Mweusi ilimwandikia aproni, au kaburi nje ya picha.

Je, uitazame? Mimi naipa nne kati ya tano, na hiyo moja nimeikata kwa ajili ya yule askari. Washa maandishi ya chini, maana hawa watu wanadakiana maneno kama makondakta wawili wanaogombea abiria mmoja.

Na usizime mapema. Sekunde za mwisho kabisa, Walter anatangulia mlangoni mikono mitupu, Hildy nyuma anahangaika na begi. Walter anageuka... kumpa ushauri wa namna ya kulibeba.

Mama yangu alikuwa anatazama nami. Akasonya, akaenda kuepua chai.