FIDIC Nyekundu ya 2017 kwa mshauri wa mikataba anayekwenda Ghuba

Fomu hii ya mkataba wa ujenzi, iliyotolewa na FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri), ni bora kuliko ya 1999, ingawa ni ndefu mno. Kifungu 20.2 kinambana mwajiri (mwenye mradi) sawa na mkandarasi: notisi ya dai la fedha au muda wa ziada ndani ya siku 28, dai kamili lenye vielelezo ndani ya 84 (zamani 42). Siku huhesabiwa tangu ulipojua tukio au ulipopaswa kulijua, si tangu ulipomaliza kupiga hesabu za hasara, na hapo ndipo madai mazuri yanapofia. Kutaja jambo kwenye muhtasari wa kikao hakutoshi. Andika barua yake, useme wazi ni notisi. Miradi mingi ya Dubai na Doha bado inatumia ya 1999. Anza na Masharti Maalumu, yaani sehemu inayobadilisha masharti ya jumla kwa mradi husika: mara nyingi waajiri huzipunguza siku hizo humo.