Uzoefu wangu: kuhama kutoka System i 520 hadi Power S814 katika ghala la jumla mjini Kisumu

Kampuni iliyoniajiri huuza kwa jumla saruji, mabati, misumari na rangi kutoka ghala kuu lililoko eneo la viwanda la Kisumu, na ina matawi Kakamega, Bungoma, Busia na Kisii. Stoo, ankara, madeni ya wateja na mishahara vimekuwa vikiendeshwa kwa minikompyuta za IBM tangu enzi za AS/400, ukoo ambao baadaye uliitwa System i na kisha Power, na kwa miaka mingi mzigo huo ulibebwa na System i 520 yenye prosesa ya POWER5 na toleo la V5R4 la mfumo endeshi, ambao siku hizi huitwa IBM i. Sasa kazi yote imehamia Power S814 yenye prosesa ya POWER8, ambayo ilikuwa imekwisha kutumika kwingine kabla ya kutufikia. Mashine yenyewe naipa alama za juu bila kusita. Huduma ya kuihamisha naipa alama za wastani tu, na sababu nitazieleza, maana katika kazi ya aina hii chuma chenyewe cha mashine ndicho kilicho rahisi kuliko vyote.

Ieleweke kwanza kwamba ile 520 haikuharibika. Kilichotusukuma ni kodi na simu. Tangu tarehe 1 Januari 2024, mfanyabiashara asiyekuwa na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, haruhusiwi kuiondoa gharama hiyo katika hesabu ya kodi yake ya mapato, na wenye maduka wanaonunua kwetu walilifahamu jambo hilo haraka kuliko baadhi ya wahasibu. Ili mfumo wetu utoe ankara hizo wenyewe, ulipaswa kuwasiliana na seva za nje kwa njia salama ya TLS 1.2, ilhali V5R4 ilitoka mwaka 2006, na kiwango hicho kikachapishwa mwaka 2008. Matokeo yake ni kwamba kila ankara iliyotoka kwenye skrini ya kijani, ile ya maandishi matupu ya mfumo wetu, iliandikwa upya na karani kwenye kompyuta nyingine, na malipo ya M-Pesa yaliingizwa kwa mkono, moja baada ya jingine, kutoka kwenye orodha iliyochapishwa. Siku ya soko, foleni ya madereva wa malori wanaongoja karatasi zao ilifika langoni.

Wapo waliopendekeza tuachane kabisa na mfumo huu tukanunue programu mpya ya biashara. Nilipinga, na bado nashikilia msimamo huo. AS/400 ilitangazwa tarehe 21 Juni 1988, ikiwa mrithi wa System/38 na System/36, na walioibuni kule Rochester, Minnesota, waliweka tabaka baina ya programu na prosesa. Programu haitafsiriwi moja kwa moja kwa lugha ya prosesa fulani. Inaandikwa kwa lugha ya tabaka hilo, kisha mashine yenyewe huitafsiri kwa prosesa iliyo nayo. Ndiyo sababu mwaka 1995, IBM ilipoacha prosesa za biti 48 na kuingia katika PowerPC za biti 64, wateja walivuka na programu zao. Programu zetu za RPG, lugha ya IBM ya kuandikia programu za biashara, ambazo baadhi ziliandikwa na watu waliokwisha kustaafu, zinajua mambo ambayo hakuna muuzaji wa programu mpya angeyajua: kwamba mteja wa Busia hupewa siku nyingi zaidi za kulipa, na kwamba bati lililokunjamana huuzwa kwa bei nyingine lakini hubaki katika hesabu ileile ya stoo. Kuyaandika hayo upya kungegharimu zaidi ya mashine.

Hata hivyo, ahadi hiyo ya kuvuka salama ina sharti lake, na mwuzaji wetu hakulitaja hadi nilipomwuliza. Kuanzia toleo la 6.1 la mfumo endeshi, la mwaka 2008, kila programu ni lazima igeuzwe kwa muundo mpya, na mfumo hauwezi kuigeuza programu iliyoondolewa zile taarifa za ndani zinazoiwezesha kutafsiriwa tena. Zamani wasanidi wengi waliziondoa kwa makusudi, ama kuokoa nafasi ya diski ama kuficha kazi yao. Kwa bahati nzuri ipo amri ya ANZOBJCVN, ambayo huongezwa kwenye V5R4 kwa kiraka, yaani marekebisho yanayotolewa baada ya toleo, nayo hupitia maktaba zote na kutoa orodha ya programu zitakazokataa. Kwetu ilikataa programu ya kukokotoa nauli za malori, iliyonunuliwa zamani kutoka kwa kampuni ambayo siku hizi haipo, na msimbo wake asilia hatukuwa nao. Tuliiandika upya kwa kulinganisha matokeo yake na daftari la nauli, safari kwa safari, kabla ya kugusa waya wowote. Anayefikiria kuhama na aanzie hapo, kabla hata ya kuulizia bei.

Njia tuliyoifuata ilipitia toleo la 7.1, kwa sababu ndilo linaloweza kukaa katika POWER5 na pia katika POWER8. Tuliipandisha 520 kutoka V5R4 hadi 7.1, tukaiacha ifanye kazi ya kawaida mpaka mwisho wa mwezi ukapita, kisha tukahamia S814 tukiwa na 7.1 ileile, na baadaye tukapanda hadi 7.3 na hatimaye 7.4. Kinadharia tungeweza kubaki na 520 yenye 7.1, ambayo kwa viraka vyake vya baadaye inaielewa TLS 1.2, lakini msaada wa kawaida wa toleo hilo ulikoma tarehe 30 Aprili 2018, na diski za SCSI, aina ya zamani ya kiunganishi, za mashine ile tulikuwa tukizitafuta kwa mitumba.

Manung'uniko yangu makubwa kuhusu huduma yanahusu kanda. Mashine ya zamani ilikuwa ikihifadhi nakala kwenye kanda za SLR, na mpya ilikuja na kiendeshi cha LTO-5. Aina hizo mbili hazisomani kabisa. Mwuzaji alikuwa ameona picha za mashine yetu na nyaraka zake zote, lakini suala la jinsi data itakavyotoka sanduku moja hadi jingine lilizuka siku mafundi wake walipokuwa wamekwisha kufika Kisumu na masanduku yamefunguliwa. Ufumbuzi wenyewe si mgumu: kiendeshi cha nje cha LTO-3 kinaunganishwa na 520 kwa SCSI, na LTO-5 inasoma kanda zinazotoka humo, kwa sababu kizazi hicho husoma vizazi viwili vilivyokitangulia. Kiendeshi hicho ilibidi kiletwe kutoka Nairobi kwa basi la usiku, na mafundi wakalala hotelini kwa gharama yetu. Hilo nililipinga kwa barua, na sehemu ya fedha ilirudishwa.

Kazi yenyewe ya kuhamisha ilifanywa kuanzia Jumamosi jioni, baada ya ghala kufungwa. Nakala kamili huchukuliwa kwa chaguo la 21 katika menyu ya SAVE, ambalo husimamisha kila kitu ili pasiwe na faili inayobadilika wakati inanakiliwa. Kisha S814 huwashwa kutoka kwenye kanda, nayo inarejeshewa kwa mpangilio: msimbo wa ndani, mfumo endeshi, akaunti za watumiaji, usanidi, maktaba, na mwisho kabisa ruhusa. Mafundi waliokuja walikuwa stadi katika sehemu hii, na sina budi kuwapongeza. Walijua kwamba majina ya vifaa yangebadilika, hivyo maelezo ya laini ya Ethernet waliyaandika upya badala ya kungoja mtandao ugome; na walitumia amri ya STROBJCVN kuhakikisha kwamba hakuna programu iliyosalia bila kugeuzwa, ili karani wa kwanza wa Jumatatu asikae akiitazama skrini huku mfumo ukiigeuza programu mbele yake.

Wakati nakala ikiendelea kurejeshwa, tuliifungua 520 ili kutoa diski zake. Sehemu ya mbele, mahali hewa inapoingia, ilikuwa imezibwa na tabaka la kijivu lililoshikana kama blanketi, na tulipolisugua tukakuta ni mabawa ya wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa mawingu kutoka majini na kuzifuata taa za usiku. Chumba cha seva kipo ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama ziwa, na kwa miaka yote hiyo feni zilikuwa zikiwavuta ndani. Dirisha hilo sasa limezibwa kwa matofali, na kiyoyozi kimewekewa wavu mwembamba unaosafishwa kila wiki. Ni gharama ndogo ambayo haimo katika nukuu ya bei ya mwuzaji yeyote, nami ningemshauri mtu wa Homa Bay au Mbita aihesabu mapema.

Badiliko lililogusa watu wengi zaidi halikuwa prosesa bali terminali, yaani skrini na kibodi za makarani. Terminali zetu za zamani ziliunganishwa kwa kebo nene ya twinax, vifaa visivyozidi saba kwa kila laini, na kadi za twinax zilihitaji aina ya prosesa za pembeni ambazo IBM iliziacha kuanzia POWER7. Maana yake ni kwamba S814 haina pa kuichomeka kebo hiyo. Vipo visanduku vya kugeuza twinax iwe mtandao wa kawaida, lakini tuliona ni kununua kifaa kipya kwa ajili ya kurefusha uhai wa vifaa vinavyokufa, hivyo tukaweka kompyuta za kawaida zenye programu ya IBM i Access inayoigiza skrini ileile. Skrini haikubadilika hata herufi moja. Kibodi ndiyo iliyozua mjadala. Ile ya zamani ina safu mbili za vitufe vya kazi, F1 hadi F24, na mzee wa stoo, ambaye amepokea mizigo hapa tangu kabla sijaajiriwa, hubonyeza F16 na F21 bila kutazama. Katika kibodi ya kawaida vitufe hivyo hupatikana kwa kushikilia Shift. Aliniita siku ya kwanza akasema, "Kijana, hii yenu ina kasi, lakini mmenikata vidole." Tulimpangia upya vitufe ili F16 ikae mahali pa kitufe asichokitumia, na tangu hapo hajaniita kwa jambo hilo. Printa za nukta zinazochapisha hati za kupokelea mizigo, zenye nakala tatu za kaboni, zilipata visanduku vidogo vya mtandao na zinafanya kazi vizuri, isipokuwa ile ya Bungoma, ambayo huanza ukurasa mstari mmoja chini na hatujapata dawa yake.

Kuhusu leseni, niseme wazi kwamba ndiko fedha nyingi zilikokwenda. Leseni ya mfumo endeshi na ya kila programu ya ziada hufungwa kwenye nambari tambulishi ya mashine, hivyo mtu akinunua mashine iliyotumika bila hati za kuihamisha leseni amenunua sanduku tupu. Mfumo hukubali kuendelea kwa muda wa neema wa siku 70 bila ufunguo, na wapo wauzaji wanaouonyesha muda huo kana kwamba ni leseni kamili. Wetu hakufanya hivyo, ila hati zake zilichelewa. Tulichagua S814 ya koa nne, yaani viini vinne vya prosesa, kwa sababu imo katika kundi la bei nafuu zaidi, P05, ingawa kumbukumbu yake haiwezi kuzidi GB 64. Kwa kampuni ya ukubwa wetu kikomo hicho hakina madhara yoyote.

Tofauti ya kasi haihitaji kipimo. Hesabu za kufunga mwezi, ambazo zilianza ghala lilipofungwa na mara nyingi kuwakuta walinzi wa zamu ya asubuhi, sasa mhasibu anaziendesha kisha anazisubiri akiwa kitini mwake. Ankara hupata nambari ya eTIMS kabla karatasi haijatoka kwenye printa, na malipo ya M-Pesa huingia kwenye akaunti ya mteja yenyewe. Umeme ukikatika, S814 hupata taarifa kutoka kwa UPS, betri ya akiba, na kujizima kwa utaratibu iwapo jenereta haijawaka, jambo ambalo 520 nayo iliweza, ila yetu haikuwahi kuunganishwa hivyo.

Mapungufu yapo. Toleo la 7.5 halikubali POWER8, kwa hiyo 7.4 ndiyo dari ya mashine hii, na anayetaka kukaa na mashine moja kwa muda mrefu ujao afadhali aongeze fedha atafute S914 ya POWER9, iliyotoka mwaka 2018, au S1014 ya POWER10 ya mwaka 2022. Sisi bajeti haikuruhusu. Na kabla ya kuizima 520, msisahau kanda za zamani: sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, na kanda za SLR za kila mwisho wa mwaka hazina mahali pengine pa kusomewa. Tulizinakili zote kwenye LTO kwa amri ya DUPTAP wakati viendeshi vyote viwili bado vimeunganishwa. Kazi hiyo haikuwamo katika mkataba. Tuliifanya wenyewe, na kanda mbili za zamani zaidi zilikataa kusomeka.