Upasuaji wa vali ya moyo Nairobi: uzoefu wangu, na dirisha la kliniki ya damu

Karani wa kliniki ya kupima damu alinirushia kijitabu changu kupitia tundu la dirisha bila hata kukifungua, akasema, "Mama, muda umekwisha, rudi baada ya wiki mbili." Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimetoka Umoja kabla ya alfajiri, matatu ikakwama Barabara ya Jogoo kwa sababu ya mvua, na kifua changu, kilichokuwa kimepasuliwa katikati wiki chache tu kabla ya hapo, kiliniuma kwa kila tuta tuliloruka. Hasira ya siku hiyo haijanitoka, na ninaomba msomaji anivumilie ikijitokeza hata pale ninapopaswa kushukuru.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Ugonjwa ulianza kujionyesha darasani, kwani nilipowasomea wanafunzi imla niliishiwa na pumzi kabla ya kufika kwenye nukta, na usiku sikuweza kulala bila mito mitatu. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha kwamba vali ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya upande wa kushoto wa moyo, ilikuwa imekakamaa kiasi cha kutofunguka vizuri wala kufunga vizuri. Daktari aliniuliza kama niliugua mafindofindo utotoni. Niliugua mara nyingi mno. Nyumbani tulisukutua maji ya chumvi, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba maambukizi ya koo yasipotibiwa kwa penisilini yanaweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kuishambulia vali, na kwamba madhara yake huweza kujitokeza miaka mingi baadaye, mgonjwa akiwa amekwisha kulisahau koo lenyewe.

Kuhusu daktari mpasuaji sina neno baya. Aliketi kando ya kitanda, akanichorea moyo kwenye karatasi, akanieleza kwamba vali ya mnyama, yaani ya ng'ombe au nguruwe, hainifungi kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yangu yote, lakini kwa mtu wa umri wangu huchakaa na ningelazimika kupasuliwa tena. Kwamba ile ya kaboni ngumu hudumu, ila ningemeza warfarini, ndiyo hiyo dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku hadi mwisho. Aliniuliza kwa heshima kama bado nilitaka kuzaa, kwa kuwa warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Nilimjibu kwamba wawili niliojaliwa wananitosha, nikachagua ya kaboni.

Walisimamisha moyo wangu, mashine ikafanya kazi ya moyo na ya mapafu kwa saa kadhaa, nami nikaamka nikiwa na mpira wa kupumulia kooni. Sista wa zamu ya usiku alinifundisha kukumbatia mto kila nilipotaka kukohoa, ili mfupa wa kifua usitikisike. "Kohoa, Mwalimu, mimi nipo," alikuwa akiniambia. Usiku nyumba ikitulia vali husikika ikigonga, na mume wangu anasema siku hizi hapati usingizi asipoisikia.

Sasa nirudi dirishani. Kipimo kinachoitwa INR huonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Kwa mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Mimi natakiwa kuwa kati ya 2.5 na 3.5. Kikishuka, damu inaweza kuganda juu ya vali na kuikwamisha, au donge likapanda ubongoni likaleta kiharusi. Kikipanda mno, ninaweza kuvuja damu. Kipimo changu cha mwisho kilikuwa 1.7, na nambari hiyo ilikuwa imeandikwa kwa wino mwekundu ndani ya kijitabu kile kile ambacho karani hakukifungua.

Nilimwambia, "Kijana wangu, tafadhali soma ukurasa wa mwisho tu." Akanijibu, "Hapa hatusomi hadithi, mama." Mzee mmoja aliyekuwa na namba alitaka kunipa zamu yake, karani akakataa, akisema namba haihamishwi. Watu wote benchini waliinamisha vichwa, nami niliyezoea kusikilizwa na watoto hamsini nikasimama pale nikitetemeka, nisiweze hata kulia, kwa maana kulia kulikuwa kunaniumiza kifua.

Nilimpigia simu yule sista. Alishuka mwenyewe kutoka wodini, akanishika mkono, damu ikachukuliwa, na jibu likawa 1.4. Nilidungwa tumboni kwa siku kadhaa sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na dozi ya warfarini ikaongezwa. Wiki mbili alizonipa karani zingeweza kunikuta nimepooza, au nimezikwa.

Chanzo cha kushuka nacho kinaniudhi. Mama mkwe alikuja kuniuguza, akanipikia managu, kunde na terere kila jioni ili nirudishe damu, kwa upendo mtupu. Mboga hizo zina vitamini K kwa wingi, nayo hupunguza nguvu ya warfarini. Siku ya kuruhusiwa, mtu mmoja aliniambia niache mboga za kijani kabisa, na mwingine akaniambia nile kama kawaida. Nairobi hii, kumwambia mtu aache sukuma wiki ni kumwambia aache kula. Ushauri sahihi, nilioupata baadaye kwa mtaalamu wa lishe, ni kula kiasi kisichobadilika wiki hadi wiki, ili dawa ipimwe kulingana na chakula changu. Maneno hayo yanachukua nusu dakika kusemwa.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaonya watu wasiende pale kabisa. Siwezi. Nimepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu bila kupumzika, na nimesoma imla nzima, tena mara mbili. Lakini nikikumbuka sauti ya kijitabu kile kikianguka juu ya meza, siwezi pia kumwambia mtu aende bila wasiwasi, hasa asiye na namba ya simu ya sista yeyote. Labda niseme hivi: kwa upasuaji, nenda, kwa kliniki, usiende peke yako, na anayekusindikiza awe mtu asiyeogopa kusema.

Kliniki yangu ijayo ni Alhamisi. Nitalala kwa dada yangu Ngara, nifike kabla dirisha halijafunguliwa.