Skana ya 3D kwenye meza ya patholojia Mtwara: inapofaa na inapokwama

Nianze na hukumu yangu. Kwa ulimi, taya, titi na uvimbe wa tishu laini vilivyokatwa kwenye upasuaji na kuletwa maabara kuchunguzwa, skana ya 3D inastahili nafasi yake mezani. Kwa utumbo, kidole tumbo au kibofu cha nyongo, piga picha ya kawaida uendelee na kazi.

Ninayoizungumzia ni ile ya mezani: projekta inayomwaga mistari ya mwanga, kamera mbili na sahani inayozunguka. Inachukua umbo la nje na rangi, basi. Haioni ndani kama CT, ile eksirei ya tabaka kwa tabaka. Faida yake inaonekana baadaye. Ukishaikata sampuli vipande vya milimita 3 hadi 5 na kuvitia kwenye kaseti, yaani visanduku vidogo vya plastiki vyenye namba, umbo la mwanzo limekwisha. Modeli ya kompyuta inabaki, na juu yake unaweka alama kuwa kaseti A3 ilitoka ukingo upi, yaani pembe ipi ya mkato wa upasuaji. Daktari wa upasuaji aliyeko Lindi akisoma kwamba ukingo wa chini una saratani, anafungua simu na kuona ni mahali gani hasa.

Adui namba moja ni maji. Tishu mbichi inang'aa, mwanga unaruka, na modeli inatoka na matundu. Gusagusa kwa karatasi ya chujio, usisugue. Gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda, huacha nyuzi zinazong'ang'ania kwenye mafuta. Kuna wanaopendekeza kunyunyiza unga wa talki kama wafanyavyo mafundi wa vyuma. Usithubutu: chembe zake zinabaki kwenye tishu na kung'aa chini ya hadubini yenye mwanga wa polaraizi, kisha mtu aanze kuuliza ni nini hicho. Punguza mwanga wa kamera badala yake. Damu iliyoganda na wino mweusi wa kupaka kingo za sampuli vina tatizo la kinyume, vinameza mwanga, kwa hiyo skani kwanza, wino baadaye. Funga pazia pia. Jua la Mtwara likipenya kwenye vioo vya dirisha linafuta mistari yote. Feni ya dari izimwe.

Sampuli huskaniwa mara mbili, juu na chini, kisha programu inaunganisha. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa sababu nyama laini ukiigeuza inalala upya na pande mbili hazikubaliani. Titi lenye mafuta mengi ndilo sumbufu kuliko yote. Shona nyuzi tatu za rangi tofauti pembeni, mahali zinapoonekana pande zote mbili, kisha unganisha kwa kuzichagua wewe mwenyewe. Usitegemee uunganishaji wa otomatiki. Uzi wenyewe ni mwembamba mno kwa umbo, lakini kwenye rangi unaonekana vizuri.

Watengenezaji wanajivunia usahihi wa chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Sawa, lakini ulimi husinyaa mara tu unapokatwa, kabla hata ya kuonja formalini, ile dawa ya kuhifadhi tishu. Vipimo vya modeli ni vya sampuli, si vya kidonda. Andika hivyo kwenye ripoti.

Sampuli zinazotoka Newala au Tandahimba huja zikiwa tayari kwenye formalini. Kuziskani ni rahisi, ni ngumu na hazing'ai sana, ila umbo linaweza kuwa la uongo. Kipande kilichosukumwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba kinatoka na umbo la chupa, kama mkate wa kumimina uliotoka kwenye sufuria. Skana haitarekebisha hilo. Tuma ndoo ndogo zenye mdomo mpana, formalini ya asilimia 10 iliyo mara kumi ya ujazo wa sampuli. Na kwa titi, skani isile muda: lisizidi saa moja tangu kukatwa hadi kuingia kwenye formalini, kisha likae humo saa 6 hadi 72, la sivyo vipimo vya vipokezi vya homoni, vinavyosaidia kuchagua tiba ya saratani ya titi, vinaweza kudanganya. Skana ikigoma, acha, tia kwenye formalini.

Kuhusu faili, aina ya OBJ huhifadhi rangi kwenye faili nyingine, na wengi hutuma moja tu halafu mpokeaji anaona donge la kijivu. Hamisha kuwa aina ya GLB, kila kitu kinakaa pamoja. Punguza pembetatu zinazounda uso wa modeli hadi kama 200,000. Modeli ghafi inamaliza bando la mtu bure. Jina la faili liwe namba ya maabara, kamwe si jina la mgonjwa.

Kompyuta iwe na kadi ya grafiki na memori ya GB 16, pamoja na betri ya akiba, maana umeme ukikatika katikati ya mzunguko unaanza upya. Kalibresheni, yaani kuirekebisha skana ipime sawasawa, rudia kila skana inaposogezwa. Sahani ifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5 kisha maji safi, lakini klorini isifike kwenye lenzi. Hizo ni kitambaa laini kikavu tu.